Pa Kupeleka Maandishi

Nilianza kazi ya kupiga taipu Watamu mwishoni mwa miaka ya 1980, katika chumba cha kukodi karibu na barabara ya kwenda Gede. Wateja wangu wa kwanza walikuwa mahoteli. Niliwapigia orodha za vyakula kwa Kiingereza na Kitaliano. Baadaye zikaja barua za wavuvi, mitihani ya shule za msingi, malalamiko ya mashamba na barua za kuomba kazi. Fasihi ililetwa na mwalimu mmoja mstaafu. Aliingia na daftari la mashairi, akauliza kama naweza kumpigia moja alipeleke Taifa Leo.

Aliketi kwenye stuli akinisomea, na kwa kila mshororo akigonga ukingo wa meza kwa kidole: mizani nane za ukwapi, nane za utao. Nafasi niliyoacha kati ya vipande viwili ilibidi isimame wima kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Alishikilia kwamba mhariri akipokea ukurasa uliopinda hatajisumbua kuhesabu mizani. Nilitia karatasi ya kaboni ili abaki na nakala, maana gazeti halikuwa likirudisha maandishi ya mtu. Bahasha ikaenda posta. Tangu siku ile nikawa nafungua Taifa Leo kwa ukurasa wa mashairi kwanza, siasa baadaye. Shairi lilipotoka, watu walikuja dukani kuliona kwa macho yao. Mwalimu hakulipwa kitu, lakini haukupita muda nikaanza kupata washairi kutoka Timboni, Mida na Jimba, wote na swali moja: "Mama, na hii yangu niipeleke wapi?"

Swali hilo ndilo lililonipa kazi ya maisha yangu. Watu wa huku hawakukosa cha kuandika. Walichokosa ni habari, na habari ikifika kwa kuchelewa ni sawa na isiyofika. Tangazo la mashindano lilitufikia kwenye gazeti kuukuu lililofungiwa mandazi, au kwa mdomo wa mwanafunzi aliyerudi likizo kutoka Nairobi, na mara nyingi tarehe ya mwisho ilikuwa imeshapita. Wa Nairobi alikuwa na mjomba katika kampuni ya vitabu. Wa Watamu alikuwa na mimi na mashine yangu.

Nikafungua daftari la jalada gumu na kulipiga mistari. Niliandika jina la mahali, wanachopokea, kwa lugha gani, kirefu kiasi gani, nani anaruhusiwa, tarehe ya mwisho. Safu ya mwisho kabisa niliiandikia neno "Walijibu?" Hiyo ndiyo iliyokuja kunisaidia kuliko zote, kwa sababu tangazo zuri linaweza kutolewa na yeyote, ila mwenye kujibu barua ya mtu asiyemjua ni mtu wa kumwekea heshima.

Kwanza nilijifunza tabia za wachapishaji. Nilipiga anwani ya Longhorn, barabara ya Funzi, Nairobi, hadi vidole vikaikariri, na hiyo ya East African Educational Publishers kadhalika. Soko lao kubwa ni shule. Kitabu kinachoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya huuzwa nchi nzima. Kisichoidhinishwa huhangaika. Kwa hiyo nilimwambia kila aliyeniletea riwaya aandike pia hadithi fupi, kwa kuwa mikusanyiko ya hadithi huwa na waandishi wengi chini ya jalada moja. Mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, ulisomwa na watahiniwa wa nchi nzima, na kila mwandishi aliyemo alihitaji hadithi moja tu kuingia. Kwa mtu anayeandika usiku baada ya zamu ya hoteli, hadithi moja ni kitu kinachowezekana.

Kila watu waliponiambia kwamba vitabu huandikwa na watu wa mbali, niliwatajia Katama Mkangi. Alikuwa mtu wa Ribe, kaunti hii hii yetu ya Kilifi. Ukiwa ilitoka mwaka 1975, ikafuatwa na Mafuta, kisha Walenisi mwaka 1995. Ribe si mbali, matatu zinafika.

Tuzo ya Jomo Kenyatta ilinichukua muda kuielewa. Inasimamiwa na chama cha wachapishaji wa Kenya, inapokea vitabu vilivyokwisha kuchapishwa, na mchapishaji ndiye anayevipeleka. Mwenye mswada kwenye mfuko wa plastiki hana la kufanya hapo bado. Hata hivyo historia yake naipenda kuisimulia. Mwaka 1974 aliipata Abdilatif Abdalla wa Mombasa kwa Sauti ya Dhiki, mashairi aliyoyaandika gerezani kwa siri, kwenye karatasi za chooni, baada ya serikali ya Kenyatta huyo huyo kumfunga miaka mitatu kwa kijikaratasi cha siasa. Kijana akinilalamikia kwamba hana kompyuta, namsimulia habari hiyo na kumpa kalamu.

Kuna pia milango ya uongo, na hiyo nayo imo daftarini kwa wino mwekundu. Kampuni moja, jina lake nalihifadhi, ilimsifia mwalimu wa shule ya upili riwaya yake baada ya kuona sura moja, ikamtaka alipie gharama za uchapaji. Alikopa kwenye chama cha akiba na mikopo. Maboksi ya vitabu yalipofika, kurasa zilikuwa zikichomoka kwenye gundi, na hakuna duka la vitabu Malindi lililokubali kuvipokea. Mkopo aliulipa kwa mshahara wa miaka. Nilimwona akipita na baiskeli kila asubuhi na roho iliniuma, kwa sababu riwaya ilikuwa nzuri. Hadi leo, mtu akiniletea barua ya mchapishaji, swali langu la kwanza ni fedha zinatoka upande gani kwenda upande gani.

Mwaka 2014 ilikuja habari iliyobadilisha kazi yangu. Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi walianzisha Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Afrika, jumla ya dola 15,000, kwa maandishi ya Kiswahili peke yake, na mswada usiochapishwa uliruhusiwa. Wafadhili walikuwa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani na Mabati Rolling Mills, na hao wa pili Watamu nzima inawajua, kwani kiwanda chao kiko Mariakani na mabati yao yako juu ya nyumba zetu. Wazee walionishangaa kwa kupoteza muda na watunga hadithi waliketi wakasikiliza. Mwaka uliofuata Anna Samwel Manyanza alishinda kwa riwaya, Penzi la Damu, na Mohammed Ghassany kwa mashairi, N'na Kwetu. Hakuna wa kwetu aliyeshinda. Lakini nilipiga chapa miswada mizima mwaka ule, riwaya zenye mwanzo na mwisho, na kazi ya namna hiyo sikuwa nimeiona dukani kabla. Tarehe ya mwisho na donge la fedha vilimfanya mtu amalize alichokuwa akikisimulia barazani kwa miaka.

Taipu ilikuwa imeshaondoka mezani wakati huo. Nilikuwa na kompyuta, fotokopi na intaneti iliyokatika na umeme. Matangazo yakaanza kutufikia mapema, na mengi mno, kwa hiyo kazi yangu ikawa kuchuja. Naanza na nani anaruhusiwa. Tanzania wana Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, na ni tuzo ninayoitamani kwa nchi yangu, lakini ni ya Watanzania. Tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola inatufaa: hakuna ada, hadithi iwe ya maneno 2,000 hadi 5,000 na haijachapishwa popote, na Kiswahili kinapokelewa kama kilivyo. Mshindi wa jumla hupata pauni 5,000. Kwa miaka ya karibuni tarehe ya mwisho imekuwa 1 Novemba. Mimi sitaki mtu wangu asubiri saa za mwisho na umeme wa Watamu. Tunatuma siku mbili kabla.

Ruzuku ni kazi nyingine kabisa. Mfuko wa HEVA ulioko Nairobi, pamoja na British Council, uliwahi kuendesha mpango wa Ignite Culture kwa wasanii wa Afrika Mashariki. Wafadhili wa aina hiyo hutaka bajeti, cheti cha usajili, akaunti ya benki, na maelezo ya nani atafaidika. Kina mama wa Gede waliokuwa wakikusanya ngano za Kigiriama kwa ajili ya watoto walikuwa na hadithi tele na hawakuwa na cheti. Tulianza na ofisi ya maendeleo ya jamii kusajili kikundi, kisha benki, kisha bajeti. Mmoja wao alishangaa kwamba chai ya wasimulizi inaandikwa kwenye bajeti. Inaandikwa, nikamwambia, pamoja na nauli ya bodaboda ya bibi asiyeweza kutembea, kwa sababu bila bibi huyo hakuna ngano. Mfadhili wa kwanza alitukataa, tukaandika upya, na ngano zikachapwa.

Mwaka juzi alikuja binti wa Jimba.

"Shikamoo, mama. Nimeandika hadithi kwa Kiswahili, ila wenzangu wanasema niitafsiri kwanza, eti Kiswahili hakina soko."

"Marahaba, mwanangu. Uliiwaza kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili."

"Basi tutaitafutia pa kwenda kwa Kiswahili."

Simzuii mtu kuandika Kiingereza. Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa alishinda tuzo ya kwanza ya Graywolf kwa waandishi wa Afrika mwaka 2018, kwa The House of Rust, na mwaka 2022 kitabu hicho kikapata tuzo ya kwanza kabisa ya Ursula K. Le Guin, dola 25,000. Hadithi yake ni ya bahari yetu na nilifurahi kama ya mwanangu. Ninachokataa ni mtu kubadili lugha kwa sababu tu hakuna aliyemwonyesha kwamba iko milango inayopokea ile aliyo nayo.

Siku hizi vijana hupiga wenyewe kwenye simu. Kwangu huja kusoma masharti na kupunguza maneno. Hadithi ya yule binti, kuhusu mashua iliyokwenda na baba yake na kurudi na watu wengine, ilikataliwa mahali pamoja, ikatoka kwenye jarida dogo, na sasa ameandika nyingine kwa ajili ya Novemba. Ina maneno elfu sita na ushei. Tumekubaliana aondoe harusi yote ya mwanzo, kwani mgogoro unaanza pale nanga inapopandishwa, na abakize nyimbo za wavuvi ambazo alidhani ndizo za kukatwa. Jumamosi analeta nakala mpya.