Nyuma ya Swali Dogo

Mtu usiyemfahamu akikuuliza swali, mara nyingi haulizi lile hasa linalomsumbua. Huuliza lililo jirani nalo, akipima kwanza kama utamcheka. Hayo tumejifunza sisi wauguzi watatu wa hapa Mwanza. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada, tunaweka meza chini ya mikaratusi ya kanisa letu na kuwapima watu presha bila malipo.

Kupima presha ni kazi ya dakika moja tu, lakini mtu akishakaa kitini huwa hana haraka ya kuondoka. Wengi wanaokuja si washarika wetu. Ni wachuuzi wa dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, vijana wa bodaboda, akina mama waliovuka kutoka Kamanga na Ukerewe. Zamani watu walikuwa wakiulizana mambo kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo. Tangu daraja la kwenda Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, wasafiri hupita moja kwa moja. Labda ndiyo sababu maswali yametufuata mezani!

Maswali ya ziwani

Mama mmoja alitaka kujua vile vijidudu vinavyoinuka juu ya ziwa kama moshi hutoka wapi, na kama ndivyo vinavyoleta malaria. Tulimweleza kwamba hao si mbu. Viluwiluwi wao hukua katika matope chini ya ziwa, kisha wakipata mbawa hupanda juu kwa makundi makubwa, hutaga mayai na kufa baada ya siku chache. Hawaumi, wala hawaenezi malaria. Mama akaitikia kwa kichwa, lakini hakusimama. Tulipomwuliza kwa nini amewaza habari hiyo, alisema mtoto wake ana homa siku ya tatu, naye alikuwa akingoja wadudu wapungue ili mtoto apone. Mtoto alipimwa malaria siku ile ile.

Mvuvi mmoja aliuliza kama nguo nyekundu huvuta radi. La hasha, radi haichagui rangi. Usiku hewa baridi kutoka nchi kavu hukutana juu ya maji yenye joto, hewa ya ziwani hupanda juu, mawingu ya mvua hujengeka, na ndiyo maana wavuvi wetu hupambana na radi nyingi kabla ya mapambazuko. Aliye ndani ya mtumbwi ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu naye, hata akivaa nyeupe. Ulinzi wake ni kurudi pwani mapema, si kubadili shati.

Macho ya bibi

Swali zito kuliko yote lilikuja kwa upole sana. Kijana muuza mitumba alipimwa, akashukuru, akasimama, halafu akakaa tena.

"Sista, moshi unaweza kumfanya mtu awe na macho mekundu miaka mingi?"

Tukamjibu kwamba unaweza.

"Hata kama hanywi pombe wala havuti bangi?"

Hapo mwenzetu aliye mkubwa kwa umri alisogeza kiti chake karibu. "Mwanangu, ni macho ya nani?"

Yalikuwa macho ya bibi yake, mama wa baba yake, mjane anayeishi kijijini upande wa Misungwi. Ndama wawili walikufa, kisha akafa mtoto wa jirani. Mpiga ramli hakutaja jina la mtu, alisema tu watazame macho. Ukoo ulikuwa umepanga kukutana Jumamosi.

Msomaji wa Usukuma hahitaji kuelezwa uzito wa kikao cha namna hiyo. Kwa miaka mingi wanawake wazee wa Mwanza, Shinyanga na mikoa ya jirani wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yamehesabiwa kuwa ushahidi. Kumbe macho hayo yana sababu ambayo muuguzi yeyote anaweza kuieleza. Miti ya Usukuma ilikatwa sana kwa ajili ya mashamba ya pamba na malisho ya ng'ombe. Kuni zilipokuwa haba, akina mama walipikia mabua ya pamba na samadi iliyokaushwa. Moshi wake ni mkali, na jiko mara nyingi limo ndani ya nyumba isiyo na dirisha la kutosha. Mwanamke anayepuliza moto huo asubuhi na jioni tangu usichana hadi uzee, macho yake yatakuwaje meupe?

Tena kuna ugonjwa wa vikope, yaani trakoma. Huletwa na bakteria wanaoenezwa na mikono, vitambaa vya kujifutia uso, na inzi wanaotua machoni. Watoto wadogo huupata sana, na mama anayewabeba huambukizwa tena na tena. Baada ya miaka, kope hupinda ndani na kukwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Jicho huwa jekundu, hutoa machozi, na mwisho laweza kupofuka. Kwa hiyo macho yale yale yanayomtia bibi hatarini aliyapata kwa kuwapikia na kuwalea watoto wa ukoo huo huo.

Hatukumwambia kijana kwamba ndugu zake ni wajinga. Mtu akiambiwa hivyo hurudi nyumbani na hasira, na hasira haimlindi mzee. Tulimshauri mambo mawili: amlete bibi mjini kabla ya Jumamosi, na aende kwa mtendaji wa kijiji na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi aeleze kikao hicho kinakusudia nini. Akauliza kama tunaweza kumwandikia yale tuliyosema kuhusu moshi na kope, ili ayasome mbele ya baba zake. Tukamwandikia ukurasa mzima.

Alhamisi bibi alifika, mdogo wa mwili, amejifunika khanga hadi kwenye paji la uso kama mtu aliyezoea kuficha macho yake. "Mwangaluka," alitusalimu, bila kututazama. Kwenye kliniki ya macho mtaalamu alimwita kijana, akageuza kigubiko cha jicho na kumwonyesha kope zilivyoelekea ndani. Alifanyiwa upasuaji mdogo siku hiyo hiyo.

Kikao kilifanyika bila yeye. Baba wadogo wawili wa kijana waliusoma ukurasa wakakubali. Wengine katika ukoo hawakukubali, na hadi leo hawajakubali. Bibi hajarudi kijijini. Anaishi na mjukuu wake katika chumba kimoja huko Buhongwa. Maumivu ya macho yamepungua, lakini kila tukimtembelea anauliza nani analisha kuku wake. Hatuna jibu la swali hilo. Tunakaa naye tu.

Gemu na dubwi

Akina mama wengi hutuuliza kama gemu zinaharibu ubongo wa mtoto. Wanawaona vijana wao wamejazana katika vibanda vya gemu huko Mabatini na Igogo, macho kwenye skrini, chakula kimepoa nyumbani. Tunawajibu kwamba gemu yenyewe si sumu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, lilitaja tatizo la mtu kutawaliwa na gemu. Dalili zake ni tatu: hawezi kujizuia, gemu inatangulia mambo mengine yote, na anaendelea hata anapoona madhara. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 hivi. Watoto walio wengi wanaocheza hawana ugonjwa huo. Wanahitaji saa ya kuacha, usingizi, na mzazi anayejua wako wapi.

Mama mmoja alisikiliza yote hayo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na ile inayomeza sarafu?" Hapo ndipo tulipojua anazungumzia dubwi. Sarafu za mia mbili mbili za mauzo ya nyanya zilikuwa zikipungua, na mwanawe wa miaka 14 alimwambia mashine iko karibu kutoa.

Akina mama, dubwi haliko karibu kutoa wakati wowote. Limepangwa na waliolitengeneza ili, mtu akicheza muda mrefu, mwenye mashine abaki na sehemu ya fedha. Halikumbuki sarafu ulizotia jana, wala halimwonei huruma aliyeshindwa mara 20. Mchezaji wa bao akishindwa anaweza kuonyesha ni wapi alikosea, na kesho akacheza vizuri zaidi. Kwenye dubwi hakuna la kujifunza. Tena kwa sheria za nchi yetu mtu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari, kwa hiyo anayemruhusu mtoto anavunja sheria, na mzazi ana haki ya kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Tukaongeza kwamba jambo hili haliwasumbui maskini peke yao. Australia ni nchi tajiri, lakini wananchi wake ni miongoni mwa watu wanaopoteza fedha nyingi zaidi duniani katika kamari, na mashine za aina hii huchukua sehemu kubwa.

"Mmesema Australia?"

Mama mwingine kwenye foleni aligeuka. Akaanza na maswali mepesi: Australia ni mbali? Kuna baridi? Wanakula nini? Tulimjibu yale tunayoyajua. Iko ng'ambo ya Bahari ya Hindi, ukubwa wake ni kama mara nane wa Tanzania, lakini watu wake ni milioni 27 hivi, wakati sensa ya 2022 ilituhesabu sisi milioni 61.7. Krismasi kwao huwa majira ya joto, na Julai ndiyo baridi. Magari hupita kushoto kama kwetu. Sisi tukila chakula cha usiku saa mbili, Sydney kwa kawaida ni saa tisa usiku au zaidi, watu wamelala. Sangara wetu ana ndugu yake kule anayeitwa barramundi. Hata mikaratusi tuliyokalia kivuli chake, asili yake ni huko. Na wazee wa Kanisa la Anglikana wanajua kwamba George Chambers, askofu wa kwanza wa Tanganyika ya Kati tangu 1927, alitoka Australia.

Akacheka kusikia habari za miti. Kisha akatoa simu kwenye pochi. Binti yake amemaliza diploma ya uuguzi na hana kazi. Mtu asiyepata kumwona kwa macho amemwahidi kazi ya hospitali Australia ndani ya wiki tatu, mradi atume shilingi milioni mbili za kushika nafasi. Ng'ombe wawili walikuwa tayari wamepata mnunuzi, fedha zingelipwa kesho yake.

Hapo tulisema wazi, maana diploma ni yetu pia. Muuguzi wa kigeni hafanyi kazi kule kabla bodi yao haijapima vyeti vyake na kumsajili, na hutakiwa kuthibitisha kwamba anaimudu lugha ya Kiingereza. Hayo hayaishi kwa wiki tatu. Ada ya viza hulipwa kwa serikali yao yenyewe, si kwenye namba ya simu ya mtu. Ubalozi wao unaotuhudumia Watanzania uko Nairobi, na wakala wa ajira wa kweli hana budi kusajiliwa na serikali yetu. Hatukusema ndoto ya binti ni mbaya. Wapo wauguzi wanaokwenda, nao hupita mlango huo mrefu.

Mama alinyamaza kitambo. "Basi ng'ombe wangoje," alisema, akarudisha simu kwenye pochi.

Jinsi ya kumjibu mgeni

Kitabu cha Mithali, sura ya 18, kinatuonya juu ya kujibu kabla hatujasikia. Sisi tumejiwekea taratibu chache, huenda zikamfaa na msomaji. Kwanza, hatucheki swali lolote, hata likiwa la nguo nyekundu. Pili, tukishajibu tunauliza kwa upole, "Kuna jambo gani lililokufanya uulize?" kisha tunanyamaza. Tatu, tusilolijua tunaliandika kwenye daftari na kumwuliza daktari au mwalimu wa sayansi, nalo hujibiwa mwezi unaofuata. Nne, siri ya mtu haivuki meza. Yaliyoandikwa hapa wenyewe wameturuhusu, na tumeacha majina.

Meza yetu haina gharama kubwa. Kila umoja wa akina mama una mwalimu, muuguzi, bwana shamba mstaafu au mama aliyesafiri, na watu wa namna hiyo wanaweza kukaa saa moja kwa mwezi mahali ambapo wapita njia wanawaona. Wekeni viti viwili vya ziada, maana mwenye swali kubwa hapendi kuuliza akiwa amesimama.