Turbo ya nini, jamani?

Nilipotea kidogo, testi zilikuwa zimenibana. Zimeisha, bumu halijaingia, kwa hiyo leo sina habari za kantini. Leo tunaongelea gari.

Nyumbani Lushoto tuna Hilux ya mwaka 1995, injini ya 3L, cc 2,779, dizeli isiyo na turbo. Inashusha kabichi na karoti hadi Mombo, inapandisha mbolea. Ada ninayoongezea juu ya mkopo inatoka humo humo. Sasa kaka kanipigia: gari limekuwa zito, mlimani linalia gia ya kwanza, anataka tuuze ng'ombe afunge turbo. Mzee kasema tumsikilize kwanza huyu anayesoma mitambo. Haya basi.

Turbo hapana. 3L imetengenezwa ivute hewa yenyewe, na mgandamizo wake ni mkubwa, karibu 22 kwa 1. Ukiisukumia hewa ya ziada na dizeli ya ziada, presha na joto vinapanda, halafu gasketi na silinda hedi ndizo zinazoumia. Kuchezea skrubu ya pampu imwage dizeli zaidi nako ni yale yale. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuunguzia, na kule kwetu hewa yenyewe ni nyepesi: kila ukipanda mita 1,000 inapungua karibu asilimia 10, na Lushoto iko juu ya mita 1,300. Ekzosi kubwa je? Kwa injini kama hii utapata kelele tu.

Mimi nasema tutafute kwanza nguvu iliyopotea. Nimemwandikia kaka aanze na vya bure. Ajaze upepo matairi yote, kisha ainue gurudumu moja moja na kulizungusha kwa mkono. Likigoma, breki inabana, yaani injini inavuta mzigo na breki kwa pamoja. Halafu chujio la hewa, maana vumbi la barabara za shambani si mchezo, na filta ya dizeli. Valvu zipimwe nafasi. Nozeli ziende kwa fundi wa pampu: inayochuruza badala ya kupuliza ukungu inakunywa dizeli bila kutoa kazi.

Kuna jambo lingine dogo. Kaka alifunga matairi makubwa ili gari lipendeze. Kweli limependeza, ila kipenyo kikizidi kwa asilimia 10 ni kama umerefusha gia zote kwa asilimia 10. Barabara tambarare huoni kitu, mlimani ndiyo unarudi gia ya kwanza! Yale ya zamani yako stoo. Arudishe.

Hela ikibaki iende kwenye mkanda wa taimingi, ambao unabadilishwa kila kilomita 100,000, na kwenye breki. Mkanda hauongezi nguvu, lakini ukikatika injini inaharibika vibaya. Na tusisahau kwamba kabichi zinashuka. Kupanda taratibu tunachelewa tu. Kushuka na shehena huku breki zimechoka ni habari nyingine, na anayeendesha ni baba yangu.

Jumamosi gari linaingia kwa fundi. Majibu ya nozeli nitawaletea hapa hapa. Wenye Hilux za mlimani, mnasemaje?