Nililipa Mara Mbili, Nikasingizia Mtandao

Baadhi ya wanachama wa chama chetu cha akiba na mikopo walilipwa gawio mara mbili, na kosa lilikuwa langu. Mweka hazina aliponiuliza, nilimjibu kwamba mtandao ulisumbua usiku wa malipo. Kwa kuniamini, akawapigia wanachama mmoja mmoja na kuwaeleza hivyo hivyo, akiwaomba warudishe fedha zilizozidi. Uongo wangu ukapita katika kinywa cha mtu mwaminifu.

Programu ya malipo niliiandika mimi kwa lugha ya Python, nikitumia maktaba ndogo ya Requests, ambayo Kenneth Reitz aliitoa mwaka 2011. Naipenda maktaba hiyo hadi leo. Unataja anwani ya seva, unaambatanisha taarifa zako, na kwa mstari mmoja jibu limerudi. Ila usipoiwekea ukomo wa kusubiri, inaweza kuisubiri seva iliyonyamaza bila mwisho. Hilo nililijua, nikaweka sekunde 10. Kisha nikaongeza kitanzi: muda ukipita bila jibu, tuma tena.

Hapo ndipo nilipoharibu. Ombi langu lilikuwa la aina ya POST, nalo lilikuwa amri: mlipe fulani kiasi fulani. Usiku ule seva ya malipo ilikuwa nzito. Ilipokea amri, ikalipa, lakini jibu lake likachelewa kupita zile sekunde 10. Programu yangu ikatuma tena, na seva ikaihesabu kuwa amri mpya. Sekunde 10 kupita bila jibu maana yake ni kwamba hujajibiwa, basi. Huwezi kujua fedha zimetoka au hazijatoka. Mimi niliandika kana kwamba hazijatoka.

Wala siwezi kusema sikuonywa. Requests inatenganisha hitilafu mbili. ConnectTimeout hutokea pale muunganisho wenyewe uliposhindikana ndani ya muda, na maelezo ya maktaba yanasema wazi kwamba hapo ni salama kurudia. ReadTimeout ni pale seva ilipopatikana lakini haikujibu kwa wakati; kwa amri ya malipo, hapo unasimama na kuuliza kwanza. Nami niliandika Timeout tu, jina linalozinasa zote mbili. Hata urllib3, inayofanya kazi chini ya Requests, ina utaratibu wake wa kurudia maombi, nao kwa kawaida haurudii POST ambayo huenda imeshaifikia seva. Niliukuta ukomo huo, nikauona kero, nikaukwepa kwa kitanzi changu.

Kuna mstari mmoja ambao nikiukumbuka naumia zaidi. Seva ile ilitaka kila malipo yawe na namba ya kumbukumbu, ili ikiiona namba ileile mara ya pili irudishe jibu la mwanzo bila kulipa tena. Namba hiyo niliitengeneza kwa uuid4, ndani ya kitanzi. Kila nilipotuma upya, malipo yaleyale yalipewa namba mpya. Mstari huo ungekaa juu ya kitanzi, hakuna ambaye angelipwa mara mbili. Sasa namba inatengenezwa kabla ya yote, inahifadhiwa kwenye hifadhidata, ndipo ombi linatumwa. Jibu lisipokuja, programu inauliza kwa GET hali ya namba hiyo, na hailipi hadi ijue.

Sababu niliiona kwenye kumbukumbu za programu asubuhi iliyofuata, kabla mweka hazina hajaniuliza. Kwa hiyo nilipomjibu nilikuwa ninajua. Mwanachama mmoja alikuwa ameshalipia ada ya mtoto kwa fedha zile, akidhani chama kimepata faida nzuri, na alipokosa cha kurudisha akakatwa kwenye akiba yake.

Hatimaye nilimweleza mweka hazina ukweli. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, watu hawa niliwaambia mimi. Sasa wapigie wewe."

Ninawapigia. Nilianza na yule aliyekatwa akiba. Nimeiandikia kamati kwamba kiasi alichokatwa arudishiwe, na pengo lijazwe kutoka kwenye malipo yangu. Yeye aliniuliza swali moja tu: kama jina lake limeandikwa mahali popote kuwa anadaiwa. Lilikuwa limeandikwa. Nimeomba lifutwe.