Kwa Nini Sichezi?

Jioni moja mwaka jana, baada ya mchezo wa mpira wa kikapu, mwanafunzi wa darasa la saba alikuja nyumbani kwangu. Alibisha hodi, akaniamkia, kisha akasimama kimya akitazama vidole vya miguu yake. Alikuwa mmoja wa wachezaji wetu 12, naye siku ile hakuingia uwanjani ila dakika 3. Hatimaye akasema, "Mwalimu, kwa nini sichezi?"

Nikamwambia aketi. Sikumjibu upesi, maana swali lile nalilijua tangu zamani. Mimi mwenyewe naliliuliza nilipokuwa kijana. Mambo niliyomweleza ndiyo nitakayowaandikia hapa, ili nanyi myasome.

Mwaka 1998 nalikuwa na miaka 17, nikisoma shule ya bweni chini ya mlima Kilimanjaro. Nalikuwa mrefu kuliko wenzangu wengi, na mbio nalizijua, na kwa sababu hiyo nikachaguliwa katika timu ya shule. Furaha yangu ilikuwa kubwa mno. Nikamwandikia mama barua, nikamwambia kwamba nimekuwa mchezaji mashuhuri, na ya kuwa timu haiwezi kushinda bila mimi. Maneno hayo hayakuwa ya kweli. Kweli ni kwamba nalikuwa mtu wa tisa katika watu 12, na kazi yangu kubwa ilikuwa kukaa kwenye benchi na kushika taulo na ndoo ya maji.

Mama hakujua kusoma. Jirani alimsomea barua ile, naye akafurahi sana. Siku ya mchezo wetu na shule ya mjini, aliamka alfajiri, akashuka mlima kwa miguu, kisha akapanda lori la ndizi hata Moshi. Alikuja amevaa kanga mpya, akaketi mbele kabisa ya watazamaji, akiwaambia watu, "Mwanangu yumo." Nilipomwona, nalitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mchezo ukaanza, nami nikakaa. Nusu ya kwanza ikaisha, nami nikakaa. Zilipobaki dakika 2, tukiwa tumekwisha kushindwa kabisa, mwalimu akaniita niingie. Katika dakika zile 2 nalipoteza mpira mara moja, tena nikafanya kosa la kumsukuma mtu. Filimbi ikalia, mchezo ukaisha. Mama akanipa ndizi alizoniletea, akasema, "Nimeona, mwanangu. Umewapa wenzako maji vizuri."

Hakusema hivyo kwa dhihaka. Alisema kwa kuwa ndilo jambo aliloniona nikilifanya. Lakini maneno yale yalinichoma kuliko matusi.

Usiku ule usingizi haukunijia. Nikawaza moyoni ya kuwa mwalimu ananichukia, tena anawapendelea wengine. Apendaye chongo huona kengeza. Asubuhi nikaenda kwake, nikamwamkia, nikamwambia kwamba nataka kuacha mchezo. Mwalimu yule alikuwa mtu wa maneno machache. Akafungua sanduku lake, akatoa daftari, akasema, "Keti. Tufanye hesabu kwanza."

Akaniuliza, "Mchezo wetu ni wa dakika ngapi?"

Nikajibu, "Dakika 40."

"Uwanjani husimama watu wangapi wa timu moja?"

"Watu 5."

"Basi timu nzima ina dakika ngapi za kugawana?"

Nikajibu, "Dakika 200."

"Nanyi mko 12. Nikiwagawia sawasawa, kila mtu atapata ngapi?"

Nikagawanya, nikapata dakika 16 na sekunde 40.

Akasema, "Vema. Sasa watu watano wa kwanza wakicheza dakika 30 kila mmoja, watachukua dakika 150. Zilizosalia ni 50, na watu waliosalia ni 7."

Nikafanya hesabu tena, nikaona kila mmoja wetu atapata dakika 7 na kidogo. Mwalimu akasema, "Hapo sijamchukia mtu bado. Ni hesabu tu."

Nikamwuliza, "Lakini, Mwalimu, mbona mimi ni katika wale 7, wala si katika wale 5?" Ndipo akageuza kurasa za daftari. Kumbe kila siku ya mazoezi alikuwa akiandika. Akanisomea mambo manne, nami nayakumbuka hata leo.

La kwanza, nalikuwa mvivu wa kulinda. Mpira ulipokuwa upande wa pili, macho yangu yaliufuata, nikamsahau mtu wangu, naye akapita nyuma yangu akafunga. Watazamaji humshangilia afungaye. Hawaoni ni nani aliyeacha mlango wazi. Lakini mwalimu huona.

La pili, nalifanya makosa mengi ya mikono. Katika mchezo huu mwenye kufikisha makosa 5 hutolewa, wala harudi tena, na makosa ya timu yakizidi, adui hupewa mitupo ya bure. Hivyo mchezaji mwenye mikono mizito huwapa wapinzani pointi bila taabu.

La tatu, sikujua mahali pangu. Mwalimu alisema, "Nikikutia uwanjani, wenzako wanne hawajui utasimama wapi. Wakitupa mpira mahali unapopaswa kuwapo, wewe hupo." Katika mazoezi yaliyopita nalichelewa mara 3, na siku hizo ndizo walizofundishwa mipango mipya.

La nne halikuwa kosa langu. Timu yetu ilikuwa na vijana wawili warefu kuliko mimi, nao walifanya kazi ile ile niliyotaka kuifanya. Timu huhitaji mtu wa kuupandisha mpira, na mtu wa kutupia kutoka mbali, na mtu wa kuudaka unaporudi ubaoni. Mchuzi hauwi mchuzi kwa chumvi peke yake, hata chumvi hiyo ikiwa nzuri namna gani.

Yafaa mjue kwamba mchezo huu ulipoanza hapakuwa na benchi. Uliwekwa mwezi wa Desemba mwaka 1891 na mwalimu James Naismith, mtu wa Kanada, katika mji wa Springfield, Marekani. Alitaka kuwapa vijana wake mchezo wa kucheza ndani ya nyumba wakati wa baridi, akapigilia vikapu viwili vya matunda juu, kimoja huku na kimoja huku. Darasa lake lilikuwa na wanafunzi 18, basi akawagawa tisa kwa tisa, wote wakacheza. Baadaye, mwaka 1897, hesabu ya wachezaji ikawekwa kuwa watano. Tangu hapo timu yenye watu zaidi ya watano haina budi kuwa na wangojao.

Wala wangojao si wanyonge. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alikuwa kijana mrefu sana, zaidi ya meta 2, akaenda kusoma chuo kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 timu ya Memphis Grizzlies ikamchagua wa pili katika vijana wote wa mwaka ule. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya Marekani. Hata hivyo, mwaka wake wa kwanza alicheza kwa wastani dakika 13 tu katika dakika 48 za mchezo wa kule, na Februari 2010 akapelekwa kwa muda katika ligi ndogo apate nafasi zaidi ya kucheza. Basi fikirini: mtu aliyeshinda maelfu ya vijana hata akafika kule, naye alingoja zamu yake, kwa sababu wale aliogawana nao dakika walikuwa mabingwa vilevile.

Tena yuko Steve Kerr wa Chicago Bulls. Hakuwa katika watano wa kwanza. Lakini tarehe 13 Juni 1997, katika mchezo wa sita wa kutafuta ubingwa, timu yake na Utah Jazz walikuwa sawa, pointi 86 kwa 86. Michael Jordan aliyekuwa na mpira akazungukwa, akampa Kerr, naye akatupia, mpira ukaingia zikiwa zimebaki sekunde 5. Chicago wakashinda 90 kwa 86, wakawa mabingwa. Kerr alijua kazi moja vizuri kuliko watu karibu wote, yaani kutupia kutoka mbali, na ilipohitajiwa, akawa tayari.

Mwalimu wangu hakunihadithia mambo haya yote. Mengine yalitokea baada ya siku zile. Yeye aliniuliza neno moja tu: "Ni kazi gani moja ambayo nikikuamini nayo hutaniangusha?" Sikuweza kujibu. Akasema, "Nenda ukaitafute. Ukiipata, njoo uniambie. Kama bado wataka kuacha, acha siku hiyo."

Nikachagua kulinda, maana sikuhitaji mpira ili kujifunza kulinda. Kwa muda wa wiki 6 nalikuwa wa kwanza kufika mazoezini. Nalijifunza kwenda upande upande kwa magoti yaliyokunjwa, mikono juu, bila kumgusa mtu. Tulipokaa benchini, sikutazama tena mawingu wala watazamaji. Nalitazama mchezaji mmoja wa upande wa pili, nikajifunza mkono gani anaupenda na anageukia wapi.

Siku tuliporudiana na shule ile ya mjini, kapteni wetu alifikisha makosa 5 zikiwa zimebaki dakika 6. Tulikuwa mbele kwa pointi 3. Mwalimu akageuka, akatazama benchi lote, akaniita mimi. Akasema, "Namba 8 ni wako." Hakusema neno jingine.

Namba 8 alikuwa mfungaji wao mkubwa. Nalimtazama kwa muda mrefu, nikajua ya kuwa kila akitaka kutupia hugeukia kushoto. Basi nikamzibia kushoto. Alijaribu mara 4, na mara zote 4 mpira haukuingia. Mimi nami sikufunga hata pointi moja. Tulishinda kwa pointi 1. Wanafunzi wakawabeba wafungaji mabegani, wala hapana aliyenibeba mimi. Lakini nilipopita karibu na mwalimu, nalimwona akiandika daftarini.

Usiku ule nikamwandikia mama barua ya pili. "Mama, barua ya kwanza nalikudanganya. Mimi ni mtu wa akiba. Leo nimecheza dakika 6. Sikufunga, lakini yule niliyepewa kumlinda hakufunga." Mama aliitunza barua hiyo katika sanduku lake la nguo. Ile ya kwanza sijui ilikwenda wapi. Tena mchezo uliofuata nalikaa benchini karibu wakati wote, maana kapteni alikuwa amerudi.

Hayo nalimweleza yule mwanafunzi. Lakini sharti niseme na neno la upande wa pili, kwa sababu walimu nao hukosea. Miaka kadhaa iliyopita nalimwacha mtoto mmoja benchini muhula mzima kwa kuwa alikuwa mfupi. Mwisho akaacha mchezo, wala hakuniuliza neno. Nilipofungua daftari langu, nikaona sikuandika lolote juu yake, jema wala baya. Sikuwa nimempima, nalikuwa nimemsahau. Kosa lile bado linaniuma. Kwa hiyo nawaambia: ulizeni kwa adabu. Mwalimu mwenye sababu atawaonyesha, na asiye nayo ataona haya, nako kutamfaa.

Basi nikatoa daftari langu, nikalifungua mbele ya yule mtoto. Jina lake lilikuwamo mara 7: mara 5 kwa kupoteza mpira akiudunda kwa mkono wa kushoto, na mara 2 kwa kumsifu kwa kuwahi mpira unaorudi ubaoni. Akasoma yote polepole. Kisha akasema, "Mwalimu, hizi mbili sikuzijua." Akainuka, akaaga, akaenda zake.

Kesho yake, kabla ya kengele ya asubuhi, nalisikia mpira ukidundwa uwanjani. Nikachungulia dirishani. Alikuwa peke yake, mkono wa kuume ameuweka nyuma ya mgongo, akiudunda kwa ule wa kushoto.