Buibui wa Kwenye Chupa

Mwezi huu tunawasimulia habari ya buibui, msicheke.

Kijana wetu wa miaka 8 alikuwa na mbuzi wake kule nyumbani. Tulipokimbia, mbuzi alibaki. Hapa kambini akawa anaomba mnyama mwingine, hata kifaranga, na jibu letu ni lile lile: posho haitutoshi sisi, mnyama atakula nini? Mwisho akanyamaza. Kunyamaza kwake kulituumiza kuliko kuomba kwake.

Siku moja akamkamata buibui mrukaji ukutani, wale wadogo kuliko punje ya haragwe, wenye manyoya. Hawa hawategi utando, wananyemelea nzi kama paka halafu wanaruka. Bibi yake akapiga kelele eti atatuua! Sisi tukamtazama vizuri. Macho 8, mawili ya mbele makubwa, na ukisogeza kidole anageuka kukufuata. Haumi ovyo, labda umfinye.

Basi tukampa chupa nyeupe ya plastiki, tukaitoboa matundu madogo kwa sindano ya moto, tukaweka kijiti na tone moja la maji. Anakula nzi mmoja kila baada ya siku 2 au 3, na nzi hapa hatupangi foleni kuwapata. Chupa isikae juani. Awe peke yake, maana wawili watalana.

Mwezi wa pili akajifungia katika kijumba chake cha nyuzi, akagoma kula. Siku ya 5 tukasema amekufa, mmoja wetu akaichukua chupa akamtupe. Mtoto akaishika kwa mikono miwili: "Baba, ngoja kwanza." Tangu tufike hapa hakuwa ametukatalia kitu. Tukangoja. Siku ya 8 buibui akatoka anang'aa, gamba la zamani kaliacha ndani. Kumbe alikuwa anajivua! Wakati huo msimwekee nzi, ngozi yake bado laini.

Wataalamu waliandika mwaka 2005 kwamba kando ya Ziwa Victoria wako buibui warukaji wanaopenda kula mbu aliyeshiba damu. Hata hivyo chandarua chetu tunakishusha kila jioni.

Buibui hawa huishi kama mwaka mmoja tu. Tulimwambia mtoto mapema, akasema sawa. Jioni anakaa na chupa yake, anamsimulia buibui habari za yule mbuzi, nasi tuko nje jikoni tunasikiliza.