Ndege za London Zilipotua Lindi

Mwambie kijana wa leo kwamba mwishoni mwa miaka ya 1930 ndege za kutoka Uingereza zilitua Lindi, atacheka. Hana kosa, amekua akisikia dunia ni kijiji, na kwamba kila mwaka miji inazidi kusogeleana. Lakini zilitua. Ndege za Imperial Airways, zenye tumbo kama la mashua, ziliondoka Southampton, zikashukia mto Nile pale Khartoum, Ziwa Viktoria pale Kisumu, kisha Mombasa, bandari ya Dar es Salaam, na Lindi, zikielekea Durban. Njia hiyo ilikamilika mwaka 1937. Hazikuhitaji uwanja, zilihitaji maji yaliyotulia, na ghuba ya Lindi ilikuwa nayo. Mwendo wake wa kawaida haukufika kilomita 300 kwa saa, abiria wake walikuwa kama 24, na giza likiingia walishushwa wakaoge, wale, walale kitandani hadi alfajiri. Safari ilichukua siku kadhaa. Nauli, bila shaka, ilikuwa ya maofisa wa serikali ya kikoloni na matajiri. Mvuvi wa Lindi aliambulia kutazama.

Kisha ikaja injini ya jeti. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya jeti iitwayo Comet iliondoka London, ikapitia Entebbe, na kufika Johannesburg kabla saa 24 hazijatimia. Ajali zikaisimamisha mwaka 1954, lakini njia ilikwisha kuonekana, na mwaka 1966 East African Airways, shirika letu wenyewe, lilianza kurusha jeti za Super VC10 kwa mwendo wa karibu kilomita 900 kwa saa. Hapo ndipo mbio zilipokoma. Ndege ya Dreamliner ya leo, pamoja na skrini zake zote, inakwenda kwa mwendo uleule, kwa sababu ndege ikikaribia kasi ya sauti hewa huizuia zaidi na mafuta hutoweka. Ndege ya Concorde iliuvuka mpaka huo tangu 1976 hadi 2003, kwa gharama ambayo hakuna aliyetaka kuirithi.

Basi kinachofupisha safari siku hizi si injini. Ni uamuzi wa mtu ofisini kuhusu ndege ipite wapi. Kutoka Dar es Salaam hadi London moja kwa moja ni kama kilomita 7,500. British Airways iliacha njia hiyo mwaka 2013, na anayezungukia Doha huruka kama 9,000, kisha akae kiwanjani akisubiri ndege ya pili. Mtu atasema: lakini nauli imeshuka, ndege ni salama zaidi, na wanaosafiri ni wengi. Kweli tupu, na mimi sitamani kurudi enzi ya mvuvi kutazama. Atasema tena kuwa kuunganisha ndege ni biashara, viti havijazwi kwa huruma. Hilo nalo kweli, ila ndilo hasa ninalolisema: umbali wetu hupimwa kwa viti vilivyojaa, na kwa hesabu hiyo mji unaweza kurudishwa mbali bila kusogezwa hata hatua moja. Wengi wa Lindi wanaokwenda London leo huanza na basi la Dar es Salaam.