Pongezi Nyingi, Habari Chache

Kuna huduma ya mtandaoni ambayo kazi yake ni kuleta habari mbaya kabla mteja hajazileta. Kila baada ya dakika 5 inabisha hodi kwenye tovuti yako. Ikijibiwa inanyamaza, isipojibiwa inakutumia ujumbe. Vijana walioitengeneza wako Iringa. Mimi niko Mbeya, nahudumia tovuti za watu wa kawaida: nyumba ya wageni, muuza miche ya parachichi, shule ya awali. Siku walipoizindua, kundi letu la WhatsApp lilijaa maua na makofi. Hongereni wanangu. Mungu abariki kazi ya mikono yenu. Ilinishangaza kidogo. Watu wanaotuuzia habari mbaya, sisi tunawanyima za kwao.

Sidhani kwamba ni unafiki. Mtu mzima huku kwetu anaona vibaya kumkatisha tamaa kijana aliyethubutu, tena mbele za watu. Shida ni kwamba huruma hiyo haina mwisho. Tunakaa kimya hadi kitu kife, na kikishakufa ndipo kila mmoja anakumbuka kuwa aliona dalili mapema.

Basi mimi nikaitumia kwanza huduma yao, nikaandika pembeni kila kilichonikwaza, kisha nikampigia simu mmoja wa vijana wale.

Nilianza na saa. Ujumbe mmoja ulisema tovuti ya nyumba ya wageni imezimika saa 2:10. Mtu wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, ukimwambia saa mbili na dakika kumi, kwake ni asubuhi maduka yakifunguliwa, au ni usiku wakati wa taarifa ya habari. Mwenye nyumba ya wageni aliniapia kwamba saa mbili ile alikuwa ameifungua tovuti yake mwenyewe na picha zote za vyumba zikaonekana. Alisema kweli. Huduma nayo ilisema kweli, maana ilihesabu kwa saa ya Greenwich: 2:10 ya kule ni 5:10 kwenye simu zetu, na mdomoni mwetu ni saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Hakuna aliyekosea, na bado mama wa watu alishaanza kuamini kwamba kifaa hicho kinasema uongo. Imani ya mteja ikishaondoka namna hiyo, kuirudisha ni kazi kubwa kuliko kuwasha seva.

Ripoti ya mwezi nayo. Iliandika asilimia 99, kwa rangi ya kijani. Mtoto akileta 99 nyumbani anachinjiwa kuku. Tovuti ikipata 99 kwa mwezi wa siku 30, imelala saa 7 na dakika 12. Andikeni saa, nilimwambia, asilimia waachieni wahasibu.

Jambo lililotuchukua muda lilikuwa la mahali. Mashine inayobisha hodi iko Ulaya, na tovuti ninazohudumia nazo zimepangishwa Ulaya, kwa hiyo ni majirani wanaoulizana hali. Nilimkumbusha Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ya Tanzania ikadorora kwa siku kadhaa. Seva za Ulaya zilikuwa macho muda wote huo. Mlinzi wa namna hiyo angekaa kijani tu, huku mtu wa Mafinga anayetafuta chumba akikodolea macho ukurasa mweupe. Nikashauri waweke kompyuta kuukuu pale Iringa, yenye modemu ya mtandao wa simu, ibishe hodi kutokea huku wanakoishi wateja.

"Sawa mama," akanijibu, "lakini umeme wa mtaa wetu ukikatika, si itatangaza kwamba dunia nzima imezimika?"

Alinishika. Tukalijadili hadi likapata umbo: wawe na mashine ya Iringa, ya Mbeya na ya Ulaya, na ujumbe utoke pale ambapo zaidi ya moja zimeona giza lile lile. Ikiona Iringa peke yake, basi tatizo ni la Iringa. Wazo hilo sikuwa nalo nilipopiga simu, wala yeye hakuwa nalo. Ningemwandikia "kazi nzuri" tungebaki kila mtu na nusu yake. Ningemwandikia "haifai" ingekuwa vilevile, ila na kisirani juu. Kilichomfaa ni vitu vidogo visivyo na sifa wala lawama: nilikuwa wapi, nilibonyeza nini, nilitarajia nini, kikatokea nini.

Saa waliirekebisha haraka, na sasa ujumbe unasema alfajiri, asubuhi au usiku. Mashine za Iringa na Mbeya bado, zinangoja fedha ya modemu na bando.

Siku ile, kabla ya kukata simu, aliniuliza, kwa heshima, kwa nini sikuyaandika haya kule kwenye kundi. Nikamwambia sikutaka kumwaibisha mbele za wakubwa.

Akacheka. "Mama, hilo la saa wameshaniandikia wengine, tena miongoni mwa waliotuma maua. Kila mmoja aliniomba nisiseme kwamba ni yeye."